Huruma Isitundikwe kwenye Kemikali

Tarehe 9 Januari 2025, Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu ya Kenya alitamka kwamba Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kile kilichomfanya mtu aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu, kinakwenda kinyume na Katiba. Kabla ya siku hiyo, aliyenusurika angeweza kutoka wodini akaingia kizimbani, na akipatikana na hatia akafungwa hadi miaka miwili. Uamuzi ule ulikuwa wa haki na ulichelewa. Kinachonisukuma kuandika ni namna tulivyoupokea. Wapo walioshangilia kwamba sasa sayansi imeshinda: kujiua ni ugonjwa wa ubongo, kama kisukari kilivyo ugonjwa wa kongosho, na mjadala umekwisha. Wapo waliokasirika wakasema hapo hakuna ugonjwa wowote, kuna madeni, ndoa zilizovunjika na vijana wasio na kazi, na kwamba kumpa mtu wa namna hiyo kidonge ni kumtania.

Nasema pande zote mbili zimekosea, na zimekosea kosa moja. Kila upande umechukua maelezo ya ngazi moja ya maisha ya binadamu, ukayafanya kuwa hukumu juu ya nani anastahili kuhurumiwa na atibiwe vipi. Maelezo ya ubongo na maelezo ya maisha ni majibu ya maswali tofauti. Yote mawili yanaweza kuwa kweli kwa mtu yuleyule, na yote mawili yanaweza kuwa ovyo. Ila huruma tunayodaiwa kwa mtu aliyefika ukingoni haikutakiwa kusubiri mojawapo lithibitishwe. Tukiitundika kwenye nadharia ya kemikali za ubongo, siku nadharia hiyo ikianguka nayo itaanguka. Hili si jambo la kufikirika, kwa sababu miaka miwili na nusu kabla ya uamuzi ule lilikaribia kutokea.

Tuanze na hukumu yenyewe. Jaji alisema kifungu kile kinabagua watu kwa misingi ya hali ya afya, jambo linalokatazwa na Ibara ya 27, na kwamba kinamdhalilisha mtu mbele ya jamii kwa tendo lililo nje ya uwezo wa akili yake. Hilo ni tamko la sheria kuhusu afya na utu, na mahakama haikuhitaji nadharia yoyote ya ubongo ili kulifikia. Ile “sayansi imeshinda” ni nyongeza yetu wenyewe.

Nyongeza hiyo ina historia ndefu katika saikolojia. Wapo watafiti wanaoamini kwamba tabia ya mtu huelezeka ukiivunja vipande: jeni, seli za neva, kemikali zinazopita kati ya seli, mwitikio mmoja mmoja unaoweza kupimwa maabara. Nitawaita kambi ya vijenzi. Wapo wanaosema ukimvunja mtu hivyo umempoteza, kwa maana tabia yake inaeleweka ndani ya familia, kazi, imani na historia yake. Hao ni kambi ya mtu mzima, yaani mtu asiyevunjwa vipande. Kwa jinsi tunavyopenda kujisifia undugu wetu na ujamaa wetu, wasomaji wengi wa Kiswahili huegemea kambi ya pili kabla hata hoja hazijawekwa mezani. Naomba tusifanye hivyo haraka. Kambi ya vijenzi imeokoa watu wengi. Mwanzoni mwa karne ya 20 hospitali za vichaa za Ulaya na Marekani zilijaa watu waliopooza huku akili zikiharibika, na maelezo yaliyotolewa yalikuwa mengi: ulevi, maisha ya mjini, udhaifu wa ukoo. Mwaka 1913 Hideyo Noguchi na J. W. Moore wakaonyesha bakteria wa kaswende ndani ya bongo za waliokufa kwa hali hiyo. Penisilini ilipokuja, wodi zile zikaanza kuwa tupu. Aliyeshikilia wakati huo kwamba tunapaswa kumtazama mgonjwa katika ujumla wa maisha yake angekuwa anamchelewesha kupona.

Sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha (depression) ambao ndio hutajwa kwanza watu wanapozungumzia kujiua, ilidhaniwa itafuata njia hiyohiyo. Mwaka 1952, katika hospitali ya Sea View kisiwani Staten Island, New York, wagonjwa wa kifua kikuu walipewa dawa mpya iitwayo iproniazidi. Watu waliokuwa wamelala kimya wakaanza kudai chakula, kuzungumza na kucheka, wakati mapafu yao bado hayajapona. Baadaye ikabainika kwamba dawa hiyo huzuia kimeng’enya kinachovunja baadhi ya kemikali za ubongo, zikiwemo noradrenalini na serotonini. Kutoka hapo mantiki ikaenda yenyewe: ikiwa kuongezeka kwa kemikali hizi kunamwinua mtu, basi kupungua kwake ndiko kulikomwangusha. Joseph Schildkraut aliliandika wazo hilo mwaka 1965 akiikazia noradrenalini, na Alec Coppen mwaka 1967 akaipa serotonini uzito. Schildkraut mwenyewe alionya, kwenye makala ileile, kwamba dhana yake ni kurahisisha kupita kiasi hali tata sana ya kibiolojia. Onyo hilo halikufika sokoni. Prozac, dawa ya sonona inayolenga serotonini, iliidhinishwa Marekani Desemba 1987, na katika miaka iliyofuata matangazo ya biashara yakaifanya dhana ya tahadhari kuwa ukweli wa kila nyumba: umepungukiwa na kemikali, kidonge kinakurudishia.

Julai 2022, Joanna Moncrieff wa University College London na wenzake walichapisha katika jarida la Molecular Psychiatry mapitio ya tafiti za miongo kadhaa kuhusu serotonini na sonona. Walipita eneo moja baada ya jingine: kiwango cha serotonini na mabaki yake mwilini, vipokezi vyake, jeni zinazohusika nayo, majaribio ya kuipunguza makusudi. Hitimisho lao lilikuwa kwamba hakuna ushahidi thabiti unaoonyesha sonona husababishwa na upungufu wa serotonini. Wataalamu wengine walijibu mwaka uliofuata kwa kukosoa namna ushahidi ulivyochaguliwa na kupimwa, na baadhi yao walisema nadharia rahisi ya upungufu ilikuwa imeshaachwa na madaktari zamani. Jibu hilo la mwisho linanikera. Kama mliiacha zamani, kwa nini mgonjwa aliendelea kuambiwa?

Kilichofuata mitaani ndicho kilichonitia hofu. Vichwa vya habari vilibeba hoja mbili ambazo hazimo kwenye utafiti. Ya kwanza: kama serotonini haijapungua, dawa za sonona hazifanyi kazi. Ya pili: kama si kemikali, basi sonona si ugonjwa, ni mtu kushindwa na maisha.

Hoja ya kwanza ni dhaifu kuliko zote katika mjadala huu, na kwa kuwa inaweza kumdhuru mtu nitaijibu moja kwa moja. Swali la kama dawa inasaidia hujibiwa kwa majaribio ya dawa, si kwa nadharia ya chanzo. Mwaka 2018 Andrea Cipriani na wenzake walikusanya majaribio 522 yenye washiriki 116,477 wakilinganisha dawa 21 na vidonge visivyo na dawa ndani. Zote 21 zilifanya vizuri zaidi kuliko vidonge vitupu kwa watu wazima wenye sonona ya kiwango cha kati hadi kali. Faida yake kwa wastani haikuwa kubwa, na kuna wasiosaidika kabisa. Mtu anaweza kubishana kwa haki kama faida hiyo inalingana na madhara yake. Asichoweza ni kuifuta kwa kusema serotonini haikuwa imepungua. Na anayetumia dawa hizi leo asiziache ghafla kwa sababu ya makala yoyote, yangu ikiwemo. Kuziacha ghafla kuna madhara yake, na kuzipunguza ni jambo la kupanga na daktari.

Hoja ya pili ni nzito zaidi kwa sababu ndani yake kuna chembe ya ukweli, na ili kuipima vizuri nataka tuache sonona kwa muda twende kwenye ugonjwa mwingine wa akili na mwili ambao sisi walaji wa ugali tunauelewa mapema kuliko wengine.

Mwanzoni mwa karne iliyopita majimbo ya kusini mwa Marekani yalikumbwa na pelagra. Ngozi ilibabuka mahali penye jua, tumbo likaharisha, kisha akili ikaenda. Wengi waliishia kwenye hospitali za vichaa, na wengi walikufa. Kila kambi ilikuwa na maelezo yake. Tume moja ya madaktari ilisema ni maambukizi. Charles Davenport, aliyeshabikia nadharia za ubora wa damu, akasema ni urithi wa koo dhaifu. Mwaka 1914 serikali ilimtuma daktari Joseph Goldberger. Katika hospitali za vichaa aliona jambo ambalo lilikuwa mbele ya macho ya kila mtu: wagonjwa walipata pelagra, wahudumu walioshinda nao hawakuipata. Ugonjwa wa kuambukiza haubagui hivyo. Alipotazama sahani akakuta wagonjwa wanakula mahindi, molasi na mafuta ya nguruwe. Katika vituo viwili vya yatima huko Jackson, Mississippi, aliongeza maziwa, mayai, nyama na maharage, na pelagra ikatoweka.

Hakuridhika. Kwamba chakula kinaponya hakukumtosha kusema ukosefu wake ndio chanzo, na hapa ndipo alipowazidi waliokuja nusu karne baadaye na serotonini. Mwaka 1915, katika shamba la magereza la Rankin, Mississippi, wafungwa waliojitolea kwa ahadi ya msamaha walilishwa chakula kile cha kimaskini kwa miezi. Sita kati ya kumi na mmoja wakapata dalili za pelagra. Jaribio lile leo lisingeruhusiwa na kamati yoyote ya maadili, na ni sawa lisiruhusiwe. Ila kimantiki lilikamilisha kilichokosekana: ukirudisha, ugonjwa unaondoka, ukiondoa, ugonjwa unakuja. Mwaka 1937 Conrad Elvehjem akakitambua kijenzi chenyewe, niasini, mojawapo ya vitamini za kundi B.

Serotonini ilipewa mtihani wa namna hiyo ikashindwa. Mwili huitengeneza kutokana na triptofani, ambayo tunaipata kwenye chakula. Watafiti waliwapa watu wenye afya mchanganyiko wa kuipunguza triptofani kwa saa kadhaa, na kwa ujumla watu hao hawakupata sonona, ingawa baadhi ya waliowahi kuugua walirudiwa na dalili. Cha kushangaza ni kwamba mwili hutengeneza niasini kutokana na triptofani ileile, na mahindi yanayo kidogo. Kijenzi kimoja, nadharia mbili zenye umbo moja. Moja imesimama na nyingine imeyumba. Kwa hiyo tatizo la nadharia ya serotonini halikuwa kushuka hadi kwenye kemikali. Goldberger na waliomfuata walishuka hadi huko, wakafika. Tatizo lilikuwa kuruka kutoka “inasaidia” hadi “ndiyo iliyokosekana” bila kupita katikati.

Hadithi ya pelagra ina upande wa pili, na huo ndio unaoibana kambi ya vijenzi. Kuanzia 1916 Goldberger alifanya kazi na mchumi Edgar Sydenstricker katika vijiji saba vya viwanda vya pamba huko South Carolina. Walihesabu kipato cha kila nyumba na kilichonunuliwa dukani, wakaona pelagra inapanda kadiri kipato kinavyoshuka. Wakauliza kwa nini mkulima anakosa maziwa, wakakuta shamba limelimwa pamba hadi mlangoni, kwa sababu mwenye ardhi na mwenye duka la mkopo walitaka pamba tu. Bei ya pamba ilipoporomoka mwaka 1920 walionya kwamba pelagra itaongezeka, nayo ikaongezeka. Niasini haiwezi kukuambia hilo. Hakuna darubini itakayoona bei ya pamba ndani ya seli.

Basi chanzo cha pelagra ni nini, upungufu wa niasini au unyonyaji wa wakulima? Swali likiulizwa hivyo linapotosha. Niasini inajibu nini kinaharibika mwilini na nini kitamponya huyu aliyelala hapa leo. Pamba inajibu kwa nini ni hawa na si wale, kwa nini mwaka huu na si uliopita. Na kuna ukweli ambao kambi ya mtu mzima haipendi kuukumbuka: pelagra ya Marekani ilififia miaka ya 1940 kwa sehemu kubwa viwanda vilipoanza kuongeza niasini kwenye unga, kabla ya mfumo ule wa mashamba kung’olewa. Kwa upande wa kwetu, mwaka 1990 wakimbizi wa Msumbiji waliokuwa Malawi walipatwa na pelagra, wagonjwa zaidi ya 17,000, baada ya karanga kukatika kwenye mgao wao wa chakula. Vita vilikuwa chanzo, ukimbizi ulikuwa chanzo, mahindi matupu yalikuwa chanzo. Ila aliyetaka kuokoa watu wiki ileile alitakiwa kujua kuhusu karanga.

Sasa turudi kwa wale wanaosema sonona ni maisha tu. Nataka kuwaheshimu kwa kutofautisha wanaofanya kazi ngumu na wanaojificha. “Tumtazame mtu mzima” ni kauli inayosikika kuwa ya kiutu daima, na historia yetu inaonyesha haikuwa hivyo daima. John Colin Carothers alisimamia Hospitali ya Mathari, Nairobi, kuanzia 1938 hadi 1950. Alipopewa kazi hiyo hakuwa amesomea magonjwa ya akili. Mwaka 1951 aliandika makala akimfananisha Mwafrika na Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo. Hapo alikuwa mtu wa vijenzi. Mwaka 1954, kwa kazi aliyopewa na serikali ya kikoloni, akaandika uchambuzi wa saikolojia ya Mau Mau, na sasa akawa mtu wa ujumla: mila, malezi, utamaduni, jamii iliyo katika mpito. Kiini cha maelezo kikawa akili ya Mkikuyu iliyoyumba kati ya dunia mbili. Ardhi iliyochukuliwa na vipande, yaani vitambulisho vya kikoloni walivyovalishwa wanaume shingoni, havikupewa uzito uliostahili. Alibadili ngazi ya maelezo kabisa, hitimisho likabaki lilelile. Ndiyo maana simwamini mtu kwa sababu tu amesema neno utamaduni.

Carothers pia alieneza imani kwamba sonona ni adimu kwa Waafrika, kwa kuwa hakuiona sana kwa waliofikishwa Mathari. Margaret Field, aliyechunguza vijiji vya Waasante nchini Ghana miaka ya 1950, hakukaa hospitalini. Alikwenda kwenye mahekalu ya jadi ambako watu walipeleka shida zao, akakuta wanawake wengi wenye dalili za sonona. Wagonjwa walikuwepo muda wote. Hawakuwa wanakwenda mahali Carothers alipokuwa anahesabu.

Kazi nzuri ya kambi ya mtu mzima hujulikana kwa kitu kimoja: inasema jambo ambalo linaweza kukutwa si kweli. George Brown na Tirril Harris, katika utafiti wao wa wanawake wa Camberwell, kusini mwa London, uliochapishwa 1978, hawakuishia kusema umaskini unaumiza. Walitaja mambo kwa majina: kufiwa na mama kabla ya miaka 11, kuwa na watoto watatu au zaidi wadogo nyumbani, kukosa kazi, kukosa mtu wa karibu wa kumweleza ya moyoni. Mwanamke mwenye mambo haya alikuwa hatarini zaidi pigo zito lilipomfika. Hayo unaweza kuyahesabu, na unaweza kukuta si kweli mahali pengine.

Jirani zetu Uganda wametupa mfano ninaoupenda zaidi. Katika vijiji 30 vya wilaya za Masaka na Rakai, Paul Bolton na wenzake walijaribu tiba ya vikundi kwa watu wenye sonona, matokeo yakachapishwa 2003. Hapakuwa na vidonge. Wenyeji wasio madaktari, waliofunzwa kwa wiki mbili, waliongoza vikundi vya jinsia moja kwa wiki 16. Walizungumza kuhusu kufiwa, kuhusu ugomvi na watu wa karibu, kuhusu mabadiliko makubwa ya maisha. Kabla, asilimia 86 ya walioingia vikundini walikuwa na sonona kali kwa vigezo vya kitabibu. Baadaye ilibaki asilimia 6.5. Katika vijiji vya kulinganisha, ilishuka kutoka asilimia 94 hadi 54.7. Soma tena takwimu ya mwisho. Takriban wanne kati ya kila kumi wa wasiopewa kitu nao walipata nafuu. Asingekuwepo wa kulinganishwa naye, kikundi kingepewa sifa ambazo sehemu yake ni za muda tu.

Na Kenya, Johannes Haushofer, Robert Mudida na Jeremy Shapiro walilinganisha fedha taslimu na programu fupi ya ushauri wa kisaikolojia ya wiki tano. Mwaka mmoja baadaye waliopewa fedha walikuwa na hali bora ya kiuchumi na ya kinafsi. Kwa waliopewa ushauri hakukuonekana mabadiliko. Matokeo haya hupenda kunukuliwa kama pigo la mwisho: mnaona, ni umaskini. Hapana. Kwanza, walioingizwa walikuwa wakazi wa kawaida, si watu waliochujwa kwa kuwa wanaugua, na hivyo hayatuambii mgonjwa wa sonona kali atibiwe na nini. Pili, na hili ndilo kubwa, anayesema “fedha imesaidia, kwa hiyo ukosefu wa fedha ndio chanzo” amefanya kosa lilelile la iproniazidi, hatua kwa hatua. Amechukua dawa akaifanya chanzo. Nafuu inayoletwa na fedha ni ya kweli na inatosha kuwa sababu ya kuzitoa. Haitoshi kuwa nadharia ya sonona, maana matajiri nao wanaugua, na maskini wengi hawaugui.

Kuna njia ya suluhu inayofundishwa vyuoni tangu George Engel alipoipendekeza 1977: biolojia, saikolojia na jamii kwa pamoja. Nani atapinga? Shida yake ni hiyo hiyo, kwamba hapingiki. Kusema kila kitu kinahusika hakumwambii mganga wa zahanati aanze wapi. Pelagra ilieleweka kwa sababu watu walithubutu kusema hiki ndicho, hapa na sasa, kisha wakakubali kupimwa.

Sasa niseme kwa nini jambo hili si la vyuoni peke yake. Wanaotetea maelezo ya kemikali mbele ya umma mara nyingi wana nia njema: wanaamini yataondoa lawama. Na kweli huziondoa kwa kiasi. Erlend Kvaale, Nick Haslam na mwenzao waliokusanya tafiti za suala hili mwaka 2013 walikuta kwamba watu wanaoamini chanzo ni cha kibiolojia hupunguza kumlaumu mgonjwa. Ila watu haohao huwa na matumaini hafifu kwamba atapona, na huelekea kumwona ni mtu wa hatari wa kukaa naye mbali. Lawama imeondoka, hofu imekaa kwenye kiti chake. Kwa familia nyingi hapa kwetu, zinazohesabu ugonjwa wa ukoo kabla ya kutoa binti, badilishano hilo si dogo. Binti aliyesemwa “ana mapepo” angalau aliaminika kuwa mapepo yanaweza kutoka. Akiambiwa ubongo wake una kasoro, nani atamuoa? Nimesikia swali hilo likiulizwa kwa sauti ya chini kwenye msiba, na aliyeuliza hakuwa mtu mkatili.

Upande wa pili nao una ukatili wake. Ukisema sonona ni maisha magumu tu, unamweka mgonjwa pembeni ya jirani yake aliyepitia magumu yaleyale akasimama, na hukumu inajitoa yenyewe: mwenzako mbona ameweza? Aliyefiwa akaugua anaulizwa kwa nini wengine waliofiwa hawakuugua. Kwa jina la kumwona mtu mzima tunarudi kwenye udhaifu wa tabia, ambako Kifungu cha 226 kilitokea.

Kwa hiyo Tanzania, ambako Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu bado kinafanya jaribio la kujiua kuwa kosa, haina sababu ya kusubiri wanasayansi wakubaliane. Hoja ya kukifuta inasimama bila wao. Adhabu haimsaidii mtu aliyekwisha kukata tamaa ya kuishi. Inamfanya afiche jaribio lake, inaifanya familia iseme alikunywa kwa bahati mbaya, na inamnyima daktari taarifa anayoihitaji ili kumlinda asirudie. Kila moja ya hayo ni kweli iwe sonona inaanzia kwenye neva, kwenye deni, au pasipojulikana na yeyote. Mbunge atakayesimama kuitetea hoja hiyo asije na picha ya ubongo. Aje na muuguzi wa zamu ya usiku aeleze anachofichwa.

Kliniki nazo zina la kufanya. Dodoso linalotumika sana kupima sonona, PHQ-9, lina maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita: usingizi, hamu ya kula, uchovu, kujiona si kitu, mawazo ya kufa. Alama zinajumlishwa hadi 27. Ni chombo kizuri kwa kazi yake, na sipendekezi kiondolewe. Lakini hakuna swali hata moja kati ya yale tisa linalouliza nini kimetokea. Mama aliyezika mtoto mwezi uliopita na kijana ambaye giza limemfunika bila sababu anayoijua wanaweza kupata alama 19 wote wawili, wakaondoka na karatasi inayofanana. Maswali mawili chini ya ukurasa yangebadilisha kilichoandikwa kwenye faili: nini kimetokea tangu ulipokuwa sawa mara ya mwisho, na nani unaweza kumweleza. Karatasi ipo, kalamu ipo, na muuguzi tayari amekaa mbele ya mgonjwa.